Ukiugua bwenini, nani atasema "twende"?

Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, stendi za mabasi hujaa vijana wenye mabegi mapya na godoro lililofungwa kwa kamba. Hao ni vijana wanaokwenda kuanza chuo. Wapo wanaokuja hapa Mlimani, wapo wanaokwenda Dodoma, Morogoro, Mbeya au Mwanza. Wazazi wamewanunulia ndoo, shuka, pasi na pengine chandarua, na wamewapa mausia mengi: soma kwa bidii, usifuate makundi, usiache kuswali, usiache kwenda kanisani. Katika mausia hayo kuna moja ambalo aghalabu husahaulika. Hakuna anayemuuliza kijana huyu: siku ukiugua, utajuaje kwamba wakati wa kwenda kwa daktari umefika?

Nyumbani swali hilo halikuwa lake. Mama alimgusa shingoni kwa kiganja asubuhi akasema, "Huyu leo haendi shule." Jioni alimgusa tena, na kama joto halikushuka, alijitanda kanga ya pili, akachukua daftari la kliniki, wakaondoka. Kazi ya mtoto ilikuwa kuugua tu. Kuamua ilikuwa kazi ya wengine. Kisha siku moja mtoto yule ana miaka 20, yuko katika chumba cha watu wanne, kichwa kinamgonga, na kile kiganja kiko Sumbawanga.

Nataka leo tuzungumze juu ya uamuzi huo. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari. Nitakayoyasema kuhusu maradhi ni yale ambayo waganga wetu huyasema kila siku katika zahanati na hospitali. Langu ni kuyapeleka bwenini, ambako mara nyingi hayafiki.

Hebu tutazame yanayotokea bwenini mwanafunzi anapoanza kuugua. Kwanza hunyamaza, kwa sababu kesho kuna jaribio. Pili humeza Panadol mbili. Tatu, wenzake huanza kumpa majina ya ugonjwa. Huyu atasema malaria. Yule atasema taifodi, kwa sababu binamu yake alianza hivyo hivyo. Wa tatu atasema ni yutiai. Malaria, taifodi na yutiai! Siku hizi ni kama katika nchi hii hakuna ugonjwa wa nne. Baada ya mjadala huo mmoja wao hutumwa duka la dawa, pale Changanyikeni au Msewe, arudi na vidonge kadiri ya fedha iliyopo mfukoni. Fedha ikitosha nusu ya dozi, hununuliwa nusu ya dozi.

Mimi naona kosa la mjadala ule ni kwamba swali lenyewe si lao. Mwanafunzi wa sheria au wa uhasibu hana wajibu wa kujua jina la ugonjwa. Hata daktari aliyesomea kazi hiyo miaka mingi hataji jina kabla ya kupima. Swali linalomhusu mwanafunzi na wenzake ni la muda: je, hili ni jambo la saa hii, la leo, la juma hili, au ni la kulala na kunywa maji? Anayeweza kujibu hilo amefanya kazi yote inayomhusu. Jina la ugonjwa atalikuta hukohuko zahanati.

Tuanze na homa, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi.

Sisi ambao sasa tuna miaka 40 na zaidi tulikua katika nyakati ambazo homa yoyote ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Ulipewa klorokwini, ukawashwa mwili mzima usiku kucha, asubuhi ukaambiwa umepona. Nyakati hizo zimepita. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa Tanzania mwaka 2001, ikafuata SP, kisha kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Kipimo cha haraka kimefika hadi zahanati za vijijini, tone la damu kutoka kidoleni, na jibu hutoka katika muda wa kunywa chai. Tena hapa Dar es Salaam malaria imepungua sana, na homa nyingi anazozipata mwanafunzi wa jijini si malaria hata kidogo.

Walakini msikilizaji asije akaniambia, "Basi tusiogope." Wanafunzi hawa hawakuzaliwa wote Dar es Salaam. Kuna anayerudi likizo kutoka Kigoma, Geita au Mtwara, ambako malaria bado ipo kwa wingi, naye huja nayo damuni na kuugua juma la pili la masomo. Na kuna yule anayetoka kwenye baridi, Makete, Njombe au Mbulu, ambaye mwili wake haujazoea vimelea hivi. Mtu aliyekulia kwenye malaria huwa na kinga fulani, si kamili, lakini humsaidia. Huyu wa Makete hana. Anapoumwa na mbu mwenye vimelea huko anakokwenda kusoma au kufanya mazoezi ya kazi, ugonjwa unaweza kumwendea mbio kama unavyomwendea mtoto mdogo. Malaria hii ya kwetu isipotibiwa, inaweza kugeuka malaria kali na kuua ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Ndiyo maana homa ni jambo la leo. Si la baada ya jaribio la Alhamisi.

Kwa hiyo ukiamka una homa, nenda upime siku hiyohiyo. Kipimo kikisema ipo, utapewa dozi ya mseto. Kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na vizuri uvimeze pamoja na chakula. Vyote 24 ni vya mtu mmoja. Nalisema hili kwa sababu ukarimu wa bwenini hauna mipaka, na si ajabu kumkuta mgonjwa wa chumba namba fulani amemgawia jirani vidonge kumi na viwili, wote wawili wakabaki na malaria iliyojeruhiwa tu.

Kipimo kikisema haipo, usimeze mseto kwa kujihami. Hapo ndipo wengi hupotea. Kijana hupata jibu kwamba hana malaria, akafurahi, akarudi kulala. Lakini bado ana homa! Kama huna malaria na mwili unachemka, maana yake ni kwamba kuna kitu kingine ambacho hakijapatikana, na homa ikiendelea siku ya pili au ya tatu, rudi ukamwambie daktari kwamba yale ya juzi hayakwisha. Kurudi si usumbufu, ni sehemu ya matibabu.

Kitu hicho kingine chaweza kuwa dengi. Jiji hili lilipata mlipuko wake mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Dengi ina hila moja ambayo kila mwanafunzi aijue. Siku tatu au nne za kwanza mgonjwa huchemka na kuumwa viungo na nyuma ya macho, kisha homa hushuka. Wenzake husema, "Afadhali, umepona." Kumbe kwa baadhi ya wagonjwa siku ile homa inaposhuka ndiyo siku hatari huanza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoa damu, mwili kuishiwa nguvu. Huyo arudishwe hospitali mbio. Na kwa ajili ya dengi, mwenye homa ambayo haijajulikana asimeze aspirini, diklofenaki wala Brufen, kwa sababu dawa hizo zaweza kuzidisha kutoka damu. Panadol inatosha, na kwa mtu mzima isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima. Kumbuka pia kwamba Panadol hushusha joto, haiondoi kilicholeta joto. Mtu anayeipata kila baada ya saa sita anaweza kuonekana mzima mpaka dakika ya mwisho.

Sasa niseme juu ya homa isiyosubiri hata asubuhi. Mwenzako ana homa, halafu unamsemesha anajibu mambo yasiyoeleweka, au hajui yuko wapi. Au amepata degedege. Au shingo imekakamaa, hawezi kuinamisha kidevu kifuani, na mwanga wa taa unamuumiza macho. Au anatapika kila anachomeza, hata maji. Au anahema kama aliyekimbia, na amelala. Au mkojo wake umekuwa mweusi kama soda, au macho yamekuwa ya njano. Au ameshindwa kusimama. Katika hali hizo hatuulizi ni saa ngapi. Iwe saa 8 za usiku, mnaondoka.

Shingo kukakamaa ni dalili ya homa ya uti wa mgongo, na hapa lugha yetu imetutega. Mwanafunzi akisikia "uti wa mgongo" humkumbuka yutiai, ule ugonjwa wa njia ya mkojo, akadhani ni ndugu yake. La hasha. Homa ya uti wa mgongo ni uvimbe wa utando unaozunguka ubongo na uti, na ile inayoletwa na bakteria hupenda mahali wanapolala watu wengi pamoja, yaani mabweni, kambi na magereza. Inaweza kuanza mchana kama mafua, na usiku ikawa imemchukua mtu. Kuna aina yake ambayo isipotibiwa huua hata nusu ya wanaoipata.

Kuna jambo ninalolisema kwa heshima. Mgonjwa anapoanza kupayuka au kupata degedege, wapo watakaosema ana mapepo, au amerogwa kwa sababu ya matokeo yake mazuri ya muhula uliopita. Watamzunguka, watamwombea, watamsomea. Sikatazi sala ya mtu yeyote. Lakini ubongo wenye malaria au wenye homa ya uti unahesabu dakika. Msomeeni ndani ya teksi, msomeeni kwenye benchi la hospitali huku damu yake ikipimwa. Hakuna dini ninayoijua inayosema dua haipandi bajaji.

Baada ya homa, tumbo. Hapa nitawasemesha zaidi mabinti, ingawa na wavulana wasikilize.

Tumbo la mwanafunzi lina lawama nyingi, chipsi za usiku, maji ya bomba, pilipili, na mengi ni ya kupita. Ukiharisha, kazi ya kwanza ni kurudisha maji: pakiti ya ORS katika lita moja ya maji salama, au ukikosa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita hiyo moja. Lakini ukiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mfululizo, hicho chaweza kuwa kipindupindu, na mtu mwenye afya tele anaweza kukauka na kufa katika saa chache. Kunywa ORS ukiwa njiani, si ukiwa kitandani.

Maumivu ya tumbo nayo yana lugha yake. Yanayoanzia karibu na kitovu, kisha yakahamia chini upande wa kulia na kukaa hapo, ukakosa hamu ya kula, ukitembea au ukikohoa yanachoma, hayo yanaweza kuwa ya kidole tumbo. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka, aghalabu siku ya pili au ya tatu. Kabla hakijapasuka ni upasuaji wa kawaida. Kikishapasuka usaha humwagika tumboni na habari huwa nyingine. Wavulana hukaa na maumivu hayo wakidhani ni maharage. Mabinti hukaa nayo kwa sababu wameambiwa ni chango.

Neno hili chango limeficha mengi. Binti akiumwa chini ya kitovu, wenzake humwambia ni chango au ni siku zake, ajifunge chupa ya maji moto alale. Mara nyingi ni kweli. Lakini binti anayejua kwamba siku zake zimechelewa, kisha anapata maumivu makali upande mmoja wa chini, pengine damu kidogo, pengine kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mimba hiyo haiwezi kukua, na mrija ukipasuka damu humwagika ndani, hakuna anayeiona. Mwenzake wa chumba anamwona amepauka, ameloa jasho la baridi, anasema "niacheni nilale." Asiachwe alale. Naye binti hasemi kwa sababu atalazimika kueleza kwamba alikuwa na mwanamume. Naomba kila binti anayenisikiliza ajue kwamba daktari atakuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini kwa sababu jibu hilo linaweza kuokoa maisha yako. Mjibu ukweli. Na mwenzako ukimwona katika hali hiyo, mpeleke kwanza. Umbeya hauna haraka.

Nikiwa hapohapo niseme juu ya saa 72, hesabu ambayo ningependa iandikwe kwenye milango ya mabweni yote. Mpira umepasuka, au haukuwapo, au mtu amebakwa. Wasichana wengi wa mjini wanajua vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wanavyoviita P2, na wanajua vinatakiwa kumezwa mapema, ndani ya saa 72. Wanachokisahau ni kwamba P2 haizuii virusi vya UKIMWI. Zipo dawa nyingine kwa kazi hiyo, na zinapatikana katika vituo vinavyotoa huduma za VVU. Nazo lazima zianze ndani ya saa hizohizo 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Kisha humezwa kwa siku 28. Wavulana nao zinawahusu. Mtu huhangaikia mimba siku tatu nzima, akaja kuikumbuka hatari ya pili siku ya tano, mlango umeshafungwa. Na aliyebakwa atambue kwamba fomu ya polisi, ile PF3, ina umuhimu wake katika kesi, lakini uhai wake hautakiwi kusubiri karatasi. Afike hospitali mapema, na ikiwezekana kabla ya kuoga.

Mbwa wa vyuoni pia nawataja, wale wanaozunguka kwenye mabanda ya chakula. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anaonekana mtulivu. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina tiba.

Kikohozi nacho si cha kukesha nacho hospitali usiku. Lakini kikifika majuma mawili hakijaondoka, kapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa za ugonjwa huo ni bure katika vituo vya serikali, na chumba cha watu wanne chenye madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa mbu ni shamba zuri kwa vijidudu vyake. Mafua ya kawaida, koo kuwasha, uchovu wa kukesha, hivyo vina dawa moja, usingizi. Havihitaji amoksilini ya duka la pembeni. Dawa hiyo haiui virusi vya mafua. Inachofanya ni kuwafundisha vijidudu vingine namna ya kuishi nayo.

Wapo wanafunzi ambao hesabu yao ya muda ni fupi kuliko ya wengine wote. Mwenye selimundu, mwenye pumu, mwenye kisukari cha sindano, mwenye kifafa. Kwa mwenye selimundu, homa au maumivu ya kifua si ya kupimwa kesho, ni ya sasa. Mwenye pumu akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, ni sasa. Wengi wao hufika chuoni wakaamua kuanza maisha mapya ambayo ndani yake hawaumwi. Nawaelewa. Nani anataka kuitwa mgonjwa siku ya kwanza? Lakini walau mtu mmoja chumbani ajue, na ajue dawa iko mfuko gani wa begi. Bila hivyo siku ya kuanguka wenzako wataanza upya mjadala wa malaria, taifodi na yutiai.

Nije kwenye ugonjwa usio na homa. Mwanafunzi aliyekuwa mcheshi ameacha kwenda darasani. Ni juma la pili hatoki, haogi, hali, usiku halali, anagawa vitu vyake, anasema watu watapumzika asipokuwapo. Hapa kwetu ataitwa mvivu, au ataambiwa "mambo ya mapenzi hayo, utazoea." Huyu naye ni mgonjwa, na anahitaji kupelekwa. Kama una shaka kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Wataalamu wa magonjwa ya akili wanasema kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake hata dakika moja, mpaka mfike kwa daktari au kwa mshauri wa wanafunzi, na vidonge na kamba viondoke chumbani.

Mwanafunzi atanijibu: Bwana mtangazaji, haya yote nayajua, fedha sina. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tunajua maisha yao, bumu likiingia ni ubwabwa na kuku, likikatika ni mihogo na chai ya rangi. Kwa miaka mingi wanafunzi wametozwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa bima ya afya ya NHIF, na wapo waliolipa lakini kadi yao ikachelewa kutoka. Basi usingoje kuugua ndipo uulize kadi iko wapi. Ulizia juma la kwanza, na ujue ni hospitali zipi zinaipokea. Na yule aliyebebwa, yaani anayelala kitanda kimoja na rafiki yake kwa kuwa hakupata chumba, asiogope zahanati kwa hofu ya kuulizwa analala wapi. Daktari hagawi vyumba.

Hoja ya pili ni mtihani. Mtu ana homa siku ya pili, mbele yake kuna desa la kurasa mia na hofu ya kudisko. Anaingia chumba cha mtihani akitetemeka. Kanuni za vyuo vyetu vingi zinaruhusu mgonjwa kuahirisha mtihani na kuufanya baadaye, mradi atoe taarifa mapema na awe na cheti cha daktari. Lakini akishaukalia mtihani akashindwa, kujitetea baadaye kwamba alikuwa mgonjwa huwa ni kupanda mlima. Kwa hiyo hata kwa mwenye kujali alama tu, zahanati ni njia fupi kuliko ukumbi wa mtihani.

Vyuo navyo vina la kujibu. Nimepata kutembelea chuo kimoja, sitakitaja, ambacho zahanati yake hufungwa jioni na gari la wagonjwa lipo, jeupe, zuri, lakini anayetunza ufunguo hulala upande wa pili wa mji. Wanafunzi wagonjwa saa za usiku hubebwa kwa bodaboda, katikati ya wenzao wawili. Mkuu wa chuo anayejua idadi ya viti vya ukumbi wake ajue pia ni dakika ngapi zinapita tangu mwanafunzi aanguke bwenini saa 7 za usiku mpaka afikishwe kwa daktari. Hiyo ni hesabu rahisi. Ifanywe usiku mmoja, kwa majaribio, na saa mkononi.

Wakati tunasubiri vyuo, wanachumba wanaweza kufanya yao. Msikilizaji, mgonjwa mwenyewe ni hakimu mbaya. Ubongo unaochemka humwambia mwenyewe kwamba yuko salama, anataka blanketi tu. Kwa hiyo juma la kwanza, kabla hamjagawana zamu za kufagia, kubalianeni jambo moja: mmoja akiugua na wawili wakasema "twende", basi ni kwenda, mgonjwa hana kura. Andikeni nyuma ya mlango namba ya dereva wa teksi au bajaji anayelala karibu, namba ya zahanati, na namba ya ndugu wa kila mmoja. Wekeni kiasi kidogo kila bumu likiingia, nauli ya usiku mmoja, kwenye bahasha ambayo haiguswi kwa ajili ya chipsi.

Na wewe mzazi uliyekaa karibu na redio, kabla ya kufunga lile godoro kwa kamba, mwandikie mwanao kwenye karatasi dawa zinazomdhuru, magonjwa aliyowahi kulazwa nayo na kundi lake la damu kama mnalijua. Mwonyeshe anavyosoma kipimajoto, na kinunue kimoja, bei yake si kubwa kuliko ya kava la simu. Kisha zungumza na wale atakaolala nao chumba kimoja, uchukue namba zao, nao wachukue yako. Akikupigia mmoja wao usiku wa manane, sauti usiyoijua, akasema mwanao ana homa na haelewi anachosema, wanatafuta nauli, itume kwanza. Maswali mengine mtamwuliza akishawekewa dripu.